Gari Lililokula Ng'ombe wa Limi

Mzee Ngusa hakuketi kwenye kiti alichopewa. Alilizunguka gari lililoegeshwa kando ya zizi tupu, akagonga boneti kwa fimbo yake kama mtu abishaye hodi, kisha akainamisha sikio.

"Mzazi mwenzangu," alimwambia Athanas, "nawasikiliza ng'ombe wangu. Naona wamelala."

Wazee wawili aliofuatana nao walicheka kwa adabu, yaani bila kufungua vinywa. Athanas hakucheka. Mkewe Bernadina, aliyekuwa amepiga magoti akiwanawisha wageni mikono, aliendelea kumimina maji polepole. Alijua kwamba maji yakiisha itambidi aingie ndani, na humo ndani alikuwamo binti yake Limi mwenye taya lililovimba, akingoja neno.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Limi aliolewa na Mabula, mwana wa Ngusa, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, huko Mwakitolyo. Shimo lile lilipoacha kutoa kitu, mganga alimwambia Mabula kwamba bahati yake imefungwa na mwanamke alalaye nyumbani mwake. Tangu siku hiyo Mabula alimlaza mkewe jikoni, na kila alipokwenda machimboni akarudi mikono mitupu, jioni alimpiga. Limi alivumilia msimu mzima. Kisha alidandia lori la mpunga, akashuka Kagongwa, akatembea hadi kwa wazazi wake akiwa na kanga aliyoivaa na si kitu kingine. Sasa watu wa mumewe walikuwa wamekuja kudai kile ambacho mila iliwapa haki ya kukidai: mke, au ng'ombe kumi na wanne waliomtolea. Kwa kuwa Limi hakuwa amezaa, hapakuwa na mtoto wa kupunguza hata ndama mmoja katika hesabu hiyo.

Mabula mwenyewe alisimama nje ya ua wa minyaa, amegeuza mgongo. Haikuwa kwa haya ya alichokitenda. Kwa Wasukuma mkwe wa kiume hamkaribii mama wa mkewe: hali chakula mbele yake, hapiti alipoketi, wala hagusi kitu alichokikalia mpaka ainuke. Mabula, ambaye hakuona taabu kumpiga mwanamke mpaka uso ukabadilika sura, alilishika sharti hili kwa uangalifu mkubwa.

"Ng'ombe hawapo, mzazi mwenzangu," alisema Athanas. "Unaona mwenyewe. Niliwauza, nikanunua gari."

"Ng'ombe wa binti ambaye hajazaa."

"Ndiyo."

"Mimi ni mchungaji, sikukaa shuleni. Wewe uliyesoma kwa mapadre, ni nani aliyekufundisha jambo hilo?"

Athanas alitazama vidole vyake. Hakuna mwanamume katika nchi ile, hata mlevi wa vilabuni, asiyejua kwamba ng'ombe wa binti hukaa zizini mpaka binti apate mtoto wa kwanza, kwa sababu mpaka hapo wanyama wale ni amana tu. Athanas alilijua hilo tangu utoto wake. Alilijua hata alipokuwa akiwaswaga kuelekea mnadani.

"Jumamosi," alisema Ngusa, akiifuta ncha ya fimbo kwenye nyasi kana kwamba boneti limeichafua. "Utuletee ng'ombe, au utuletee mke wetu. Usipoleta kimojawapo, Jumapili nitakuja na vijana, na sitabisha hodi."

*

Gari lenyewe lilikuwa Isuzu Trooper, ambayo kijiji kizima kiliiita Trupa, na umri wake ulikaribiana na wa Limi. Athanas aliikuta Shinyanga mjini, katika uwanja wa mradi wa maji uliokuwa umefunga kazi zake na kuuza mali. Watu wa nchi hii wana jina moja tu la gari la porini, na asiye na fedha za jina hilo hutembea kwa miguu. Siku ile matajiri waligombea Landkruza mbili mpaka wakakaribia kushikana mashati, na hakuna aliyelitupia macho gari la kijani kibichi lililokuwa limekaa peke yake ukutani, rangi imepauka, mlango mmoja una kovu refu. Athanas alifungua boneti. Akaona injini ya dizeli iliyotunzwa na dereva mwaminifu, isiyo na waya za ajabu za magari ya siku hizi, chombo ambacho mtu mwenye spana na subira angeweza kukielewa. Akalala chini akatazama chasisi, nayo ilikuwa nzima. Aliporudi nyumbani alizungumza kama mtu aliyeokota lulu sokoni kwa bei ya mchicha.

Bernadina alilia wiki nzima kwa ajili ya ng'ombe. Hata hivyo mvua zilipokuja, malori yakalala barabarani, Trupa ndiyo iliyovusha mpunga wa jirani zao hadi Kagongwa. Ilibeba saruji ya kanisa. Ilibeba wajawazito usiku na maiti mchana, nao waliobebwa walilipa walichoweza. Nyumba ikapata bati, na Bernadina, ambaye maisha yake yote alikuwa Mama Limi, akaanza kusikia watoto wakimwita Mama Trupa. Alijifanya kukasirika. Ukweli ni kwamba alilipenda lile gari, akamficha mumewe siri hiyo ili asimpe furaha ya kujua kwamba alikuwa sahihi.

Kesho yake waliliendesha hadi Kahama kulitafutia mnunuzi. Dalali mmoja, kijana nadhifu aitwaye Fredy, aliwaamkia vizuri.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hili gari, mzee, ulipewa kama zawadi au kama adhabu?"

Vijana waliokuwa wakiosha magari waliacha kazi ili wasikie vizuri.

"Nilinunua," alisema Athanas. "Fungua boneti uone."

"Sifungui, nitachafuka. Lingekuwa Landkruza ningekuita baba. Lingekuwa Noah ningekuita mjomba. Hili, mzee wangu, mpelekee yule mwenye mizani pale ng'ambo, ananunua vyuma chakavu kwa kilo. Na umwambie atoe matairi kwanza, hayo yana thamani."

"Linapita mahali ambapo hayo yako yote yanazama."

"Sawa, lakini wateja wangu hawaendi mahali pa kuzama. Wanakwenda harusini."

Walizunguka kwa madalali wengine, na kila mmoja alikuwa na mzaha wake. Walipokuwa wakirudi nyumbani, Bernadina alimtazama mumewe kwa pembeni, akitarajia kuona uso wa mtu aliyedhalilishwa. Aliona kitu kingine, na kikamtisha. Athanas alikuwa ameshusha mabega kama mtu aliyepata nafuu. Moyoni mwake alifurahi kwamba halikununuliwa.

*

Jumamosi alfajiri Limi aliwaletea chai, akasimama mlangoni akiwa amefunika shavu kwa kanga.

"Baba," alisema, "ukiniambia nirudi, nitarudi. Sitakupigia kelele mbele za watu."

Athanas aliweka kikombe chini, akatoka kwenda kuwasha gari. Bernadina alimshika Limi mkono, akauachia, kwa kuwa hakutaka kutoa ahadi iliyokuwa mikononi mwa mtu mwingine. Mpango waliokubaliana ulikuwa kulitoa gari mahali pa ng'ombe, ikiwa Ngusa atalikubali. Limi angebaki nyumbani.

Mvua ilikuwa imenyesha kutwa nzima ya Ijumaa. Kabla ya kufika upande wa Mwakitolyo njia hushuka katika mbuga ya udongo mweusi, ule udongo ambao kiangazi hupasuka kama mwiko wa zamani na masika hugeuka kuwa gundi. Walikuta malori mawili yamelala ubavu mmoja, na mbele yake gari jeupe la tajiri wa dhahabu, jipya, limezama hadi kwenye milango. Mwenyewe alikuwa amepanda juu ya boneti ameshika viatu vyake mkononi.

"Mzee, geuza," alipaza sauti. "Hapa hapana njia."

Athanas alisimamisha gari, akashuka, akaitembea mbuga kwa miguu huku akiichoma kwa kijiti, akarudi na tope mpaka magotini. Alivuta kirungu kifupi kinachoamrisha magurudumu yote manne yafanye kazi, akaingiza gia ndogo kabisa, akaondoka polepole kama mtu apitaye kando ya mgonjwa aliyelala. Hakukanyaga mafuta kwa hasira wala hakuigusa breki. Trupa iliinama, ikanguruma, ikateleza ubavu, na Bernadina akashika dashibodi kwa mikono miwili. Mara mbili alidhani wamekwama. Kisha pua ya gari ikapanda, na udongo ukawa mwekundu tena, mgumu. Nyuma yao watu waliokuwa wakisukuma malori walipiga miluzi.

Athanas alizima injini. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Umeona, Mama Limi?"

"Nimeona."

"Gari kama hili nitalipata wapi tena?"

Bernadina aliondoa mikono yake kwenye dashibodi. Alihisi maneno mengine yanakuja, na alitamani kumziba mdomo yasitoke.

"Nimewaza," alisema Athanas, akiongea na usukani. "Mavuno si mbali. Mpunga ni mzuri. Limi angekaa kule mpaka mavuno tu, mimi nikabeba mizigo, nikakusanya, nikanunua ng'ombe mmoja mmoja. Tungeongea na Ngusa amwonye kijana. Baada ya mavuno ningemchukua mwanangu, na gari lingekuwepo. Tukilitoa leo, kesho tunakula nini?"

"Umeliona taya lake, Baba Limi?"

"Nimeliona."

"Ulilitazama, au uliliona?"

"Bernadina, nami ni mzazi."

"Basi washa gari, mzazi, twende."

*

Kwa Ngusa watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Edward, mwenyekiti wa kitongoji, aliketi mezani akiwa amevaa koti licha ya joto. Mabula alisimama mbali, ubavuni mwa ghala, na nyuma ya ghala ilionekana shehena ya viroba vya mawe ya dhahabu, yaliyobaki tangu shimo lilipokuwa likitoa, vimefunikwa turubai. Bernadina alivitazama viroba vile, akaelewa kwa nini vimekaa pale: njia ya kwenda kwenye karasha, mashine za kusagia mawe, ilikuwa imekatwa na makorongo, na hapakuwa na chombo cha kuvifikisha.

Athanas alishuka. Bernadina alibaki ndani, kwenye kiti cha mbele. Haikuwa hila mwanzoni. Hakuna tu aliyemwita barazani.

"Wamepitaje?" aliuliza mtu barazani. "Si tumeambiwa mbuga imefungwa?"

"Wamepita," alijibu Edward. "Wako hapa. Mzee Athanas, sema ulichokileta."

Athanas alisema. Alikuwa na sauti ya mtu asomaye barua ya msiba. Hana ng'ombe, ana gari, analitoa.

Ngusa alicheka. "Mkweche huu? Jumatatu niliugonga ukanijibu kwa kutu."

Lakini Mabula alikuwa amesogea hatua kadhaa, macho yake kwenye matairi yaliyojaa tope jeusi la mbuga, kisha kwenye viroba, kisha kwenye matairi tena. Alimwita baba yake pembeni, wakanong'ona. Ngusa aliporudi hakucheka tena.

"Tunalipokea," alisema, "mahali pa ng'ombe wanane. Sita watabaki. Mke wetu arudi akae nyumbani kwake mpaka hao sita watimie. Hatuna haraka, sisi ni ndugu."

Watu waligeuka kumtazama Athanas. Bernadina alimtazama pia, kupitia kioo kilichochafuliwa na tope, na akaona jambo ambalo hatalisahau: mumewe alikuwa anafikiri. Hakuwa amekasirika, wala hakuwa ametikisa kichwa. Alikuwa akipiga hesabu ya sita, kama mtu anayetafuta njia ya kusema ndiyo.

"Ng'ombe sita," alianza Athanas taratibu, "kwa mavuno haya..."

"Mwenyekiti," alisema Bernadina kupitia dirishani.

Edward aliinua kichwa. "Mama, bado wanaume wanazungumza."

"Wazungumze. Nataka tu mjue kwamba mimi sishuki."

"Hushuki vipi?"

"Nimekaa hapa. Hapa pananitosha."

Mabula, ambaye alikuwa amekaribia gari ili afungue boneti, alisimama ghafla, akarudi nyuma akageuza uso. Mzee mmoja alikohoa, na kikohozi chake kilikuwa na kicheko ndani.

"Ngusa," alisema mzee huyo, "mwanao atalichukuaje gari lenye mama mkwe ndani?"

"Atashuka," alisema Ngusa. "Athanas, mshushe mkeo."

Athanas aligeuka. Alimtazama Bernadina, naye Bernadina akamtazama, na hakuna mtu mwingine pale aliyejua ni kitu gani kilichokuwa kikiulizwa kati yao. Mama huyu hakufoka. Alipandisha tu mkono akagusa shavu lake mwenyewe, upande uleule ambao Limi alikuwa anaufunika kwa kanga.

Athanas alilitazama gari lake, kuanzia boneti mpaka mlango wenye kovu. Kisha alivua kofia.

"Simshushi," alisema.

"Unasema nini?"

"Nasema gari hili umeliona limetoka wapi leo. Malori yamelala, matajiri wamelala, hili limefika. Viroba vyenu vile vimekaa kwa sababu hamna kitu cha kuvibeba, na mkivibeba kwa msimu mmoja mtanunua ng'ombe mtakaoshindwa kuwachunga. Ni gari la ng'ombe kumi na wanne na zaidi. Mwanao analijua hilo, ndiyo maana amekunong'oneza. Ama linachukua mahali pa wote, ama tunarudi nalo, na mimi na wewe tutaonana Jumapili."

Wingu lilikuwa linapanda tena upande wa mashariki. Mabula alilitazama, akatazama turubai. "Baba," alisema bila kugeuza uso, "mvua ikinyesha tena makorongo yatajaa maji, na watu wa karasha watachukua mzigo wa wengine."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza. Nakukumbusha tu."

Ngusa alichora chini kwa fimbo, akafuta, akachora tena. "Haya," alisema hatimaye. "Wote kumi na wanne. Sasa ashuke."

"Bado," alisema Bernadina. "Hilo ni neno la ng'ombe. Sijasikia neno la mwanangu."

"Neno gani tena, mayu?" aliuliza Edward, akimwita mama kwa Kisukuma, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli.

"Aseme mbele yako na mbele ya wazee hawa kwamba Limi si mke wa nyumba hii, hadaiwi, na hatafuatwa. Aseme yeye, na aseme mwanawe."

Ngusa alisema. Alilisema kwa haraka, akitafuna maneno, na Edward akamwomba arudie kwa kuwa wazee wa nyuma hawakusikia. Akarudia. Mabula naye akasema, mgongo wake ukiwaelekea watu wote, maneno yaleyale kwa sauti ndogo, kama mtoto asomaye katekisimu asiyoipenda.

Ndipo Bernadina alipofungua mlango. Ulikuwa ule wenye kovu, ulihitaji kuinuliwa kidogo kabla ya kusukumwa. Alikanyaga chini, akatembea hadi mbali vya kutosha, na Mabula akapita kwa mzingo mkubwa akalikaribia gari.

Athanas alimpa ufunguo mkononi. "Asubuhi usiliwashe kwa pupa," alisema. "Kuna taa ya njano. Ngoja izimike kwanza."

"Nayajua magari, baba."

"Hili hulijui." Alitaka kuendelea, kwa kuwa kulikuwa na mengi: klachi, kizibo cha rejeta, jinsi ya kuteremka kwenye korongo. Alimtazama kijana yule usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kisha akavaa kofia yake. "Yatunze mafuta yake yawe safi. Ni hilo tu."

*

Walirudi kwa pikipiki iliyoikwepa mbuga kwa vijia vya miguu, kisha kwa basi, na Kagongwa wakashuka kuingia njia ya miguu. Jua lilikuwa limeegemea magharibi. Athanas alitembea mbele. Walipokutana na mwanamke mwenye gunia la mchele kichwani aliyeuliza kama Trupa itakwenda gulioni Jumatatu, alijibu, "Haitakwenda, mama. Tafuta mwingine." Yule mwanamke alimtazama Bernadina kupata maelezo, naye akatazama njia.

Nyumbani Limi aliketi nje, karibu na zizi. Alikuwa amevaa viatu. Kando yake palikuwa na furushi la nguo alizopewa na mama yake, limefungwa tayari, na kanga ilikuwa imefungwa kichwani kama mtu aendaye safari. Alipowaona wanakuja kwa miguu alisimama, akatazama nyuma yao kwenye njia, akatazama tena, kana kwamba kuna kitu kimechelewa.

"Nilikuwa nasikiliza," alisema. "Tangu saa nane nasikiliza. Kila siku linasikika tangu ng'ambo ya reli. Nilijua likisikika, basi halikuchukuliwa, na mimi..." Hakumaliza. "Sikusikia kitu, baba."

"Halikuja," alisema Athanas.

Limi alikaa chini tena, akaanza kulifungua furushi. Alikuwa amelikaza fundo lake kwa nguvu za mtu aliyekata tamaa, na vidole havikuweza kulifungua. Alipeleka fundo mdomoni ili alifungue kwa meno, taya likamuuma, akaliachia.

Baba yake alichuchumaa mbele yake. Mikono yake ilikuwa bado na tope jeusi kwenye mikunjo. Akalichukua furushi, akaliweka juu ya goti, akaanza kulifungua fundo polepole.